Mzee wa Birmingham na Imani ya Mama Yangu

Siku ya tatu baada ya kumzika mama tulikuwa tunakusanya viti vya plastiki chini ya turubai. Wageni wengi walikwisha kuaga. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wakisugua masufuria, na wazee wa jumuiya walibaki chini ya mwembe wakihesabu michango. Mpwa wangu, anayesomea uhandisi wa mitambo, aliweka viti chini akaniuliza bila kunitazama usoni:

"Mjomba, bibi aliupata wapi ule uhakika?"

"Uhakika gani?"

"Kwamba kuna anayemsubiri. Hakusema 'natumaini'. Alisema 'nakwenda'. Sasa ushahidi wake ulikuwa nini? Sisi tukileta jibu bila kuonyesha hesabu, mwalimu anaweka sifuri hata kama jibu lenyewe ni sahihi."

Hakuwa anamdhihaki marehemu. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko yangu. Ndiyo maana swali lile halijaniachia hadi leo. Nimekaa nalo wiki nyingi, kwenye daladala, kazini, na hasa kwenye Misa wakati wa Kanuni ya Imani, sauti zote zinapopanda pamoja, nami najikuta naitafuta ya mama.

Mama alisoma mpaka darasa la nne. Ungemwambia atetee fundisho la Utatu asingefika mbali. Alikuwa na rozari yake, jumuiya yake, na mambo mengi ya miaka mingi ambayo yeye na Mungu wake ndio walioyajua.

Je, alikuwa na sababu ya kuamini, au alikuwa na mazoea tu?

## Mhandisi mwingine

Ninayemwendea kwa maswali ya namna hii ni John Henry Newman, mwanateolojia Mwingereza wa karne ya 19 aliyetoka Uanglikana. Wengi wenu mnamfahamu, hasa tangu Papa Leo XIV alipomtangaza Mwalimu wa Kanisa tarehe 1 Novemba 2025, kwa hiyo habari za Oxford na za kuingia kwake Kanisa Katoliki mwaka 1845 sitazirudia. Nataka kusema jambo moja tu: swali la mpwa wangu, yeye aliulizwa kwa miaka mingi, na aliyemuuliza alikuwa mtu wa fani ileile.

William Froude alikuwa mhandisi wa meli. Huko Torquay, miaka ya 1870, alijenga tangi refu la maji ambamo alivuta mifano midogo ya meli, apate kujua meli yenyewe itakabiliwa na ukinzani kiasi gani kabla haijajengwa. Mpaka leo wanaosanifu meli wanatumia namba yenye jina lake. Kaka yake, Hurrell, alikuwa rafiki wa moyoni wa Newman, akafa kijana mwaka 1836. William akabaki rafiki wa Newman maisha yake yote.

Na William hakuweza kuamini.

Kwake yeye, mtu mwaminifu hushikilia kila jambo kwa nguvu ileile anayopewa na ushahidi, wala haizidishi, na siku zote hukubali kwamba huenda amekosea. Kuvuka kipimo hicho aliona ni dhambi ya akili. Hakuwaita waamini wajinga. Alisema tu kwamba uhakika walio nao hawana haki nao. Mke wake alipoingia Ukatoliki mwaka 1857, na baadhi ya watoto wao nao wakaingia, yeye alibaki nje na hoja yake, bila kelele na bila chuki.

Hapo ndipo ninapompendea Newman. Hakumjibu rafiki yake kwa mkato. Aliibeba hoja ile kama mtu abebavyo deni. Alianza kuandika jibu, akaacha; akaanza upya, akaacha tena, na miaka ikapita.

## Glion

Agosti 1866 alikuwa mapumzikoni Glion, nchini Uswisi, juu ya Ziwa Geneva, alipojiwa na wazo alilokuja kulisimulia baadaye: kosa lako ni kuanza na uhakika, anza kwa kutofautisha kuridhia na kukata shauri kwa hoja. Miaka minne baadaye kikatoka kitabu chake, Grammar of Assent, yaani Sarufi ya Kuridhia.

Ukiisoma haraka sentensi ile unaweza kuipita. Mimi niliipita mara kadhaa kabla haijanikamata.

Hoja huja na masharti: ikiwa hivi ni kweli, basi na vile ni kweli. Tena ina ngazi: labda, yaelekea, karibu na hakika. Kuridhia hakuna sharti wala ngazi. Ama umekubali kwamba jambo ni kweli, ama bado. Mwanafalsafa John Locke alikuwa amefundisha kwamba mpenda ukweli hukubali kila jambo kwa kadiri ya uthibitisho wake, basi. Newman anauliza: ni nani aishiye hivyo? Mwingereza anajua kwamba nchi yake ni kisiwa. Hajaizunguka kwa mashua. Anachotegemea ni ramani zilizochorwa na wengine, vitabu, maneno ya mabaharia, na kwamba hajawahi kukutana na anayebisha. Ukichukua ushahidi huo kipande kimoja kimoja, hakuna kinachotosha kuapia. Hata hivyo hasemi "yaelekea ni kisiwa". Anajua, na hakuna anayemwambia kwamba amejidanganya. Vivyo hivyo kila mmoja wetu anajua kwamba atakufa, na bado hajafa.

Froude mwenyewe, sidhani kama alimwamini mkewe kwa kiwango cha ushahidi alioweza kuuandika kwenye karatasi.

Alimwamini.

## Nyuzi

Katika barua ya mwaka 1864 Newman anatumia mfano wa kamba. Hoja ya kihisabati ni nondo: kipande kimoja cha chuma, kinabeba chenyewe. Uthibitisho wa mambo ya dini ni kamba iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi, kila uzi dhaifu peke yake, zote kwa pamoja zikiwa na nguvu sawa na nondo.

Nilipofika hapo nikaanza kuzitafuta nyuzi za mama.

Alimzika mdogo wangu akiwa na miaka miwili, na hakumlaani Mungu wala hakujifanya haumii. Alikosana na shemeji yake juu ya mpaka wa shamba, wakanyimana salamu mwaka mzima, kisha Ijumaa moja ya Kwaresima akaenda mwenyewe kumwomba radhi, ingawa sisi sote tulijua haki ilikuwa upande wake. Nilimuuliza kwa nini. Akasema: "Niliposali Baba Yetu nilikuwa naona aibu." Aibu mbele ya nani? Newman anaanzia hapo hapo. Kwake yeye dhamiri ndiyo mlango wa kwanza wa kumjua Mungu, kwa sababu mtu haoni aibu mbele ya kanuni. Huona aibu mbele ya mtu. Mama hakuwahi kusikia jina la Newman, na alikuwa amekwisha kuisoma sura hiyo ndani ya nafsi yake.

Ongeza wafu aliowaona wakifa kwa amani. Ongeza sala ambazo zilijibiwa na zile ambazo hazikujibiwa, nazo akazitunza. Ongeza maneno ya Injili ambayo kila yalipomjia yalimkuta alipo. Hakuna hata moja kati ya haya ambalo Froude angelipokea kuwa uthibitisho. Nami nisingemlaumu.

Lakini katika hotuba aliyotoa Oxford mwaka 1840, akiwa bado Mwanglikana, Newman alisema kwamba watu wote wana sababu, ila si wote wanaoweza kuitoa. Kitabu chake cha baadaye kinarudi pale pale: mkulima mzoefu anatazama mbingu na kusema kesho hakuna mvua. Ukimbana aeleze, atakupa sababu mbovu, au hatakupa yoyote. Na kesho haitanyesha. Akili yake imepima mambo mengi kwa wakati mmoja, mengine hata yeye hayajui, ikafika mwisho wa safari bila kuandika njia iliyopita.

Kwa hiyo sifuri ya mwalimu ni halali darasani, ambako kinachopimwa ni uwezo wa kuonyesha njia. Mama hakuonyesha hesabu. Haina maana hakuifanya.

## Namugongo

Kuna sentensi ya Newman ya mwaka 1841 ambayo aliirudia ndani ya kitabu chake: watu wengi wataishi na kufa kwa ajili ya fundisho la imani, lakini hakuna atakayekubali kufa shahidi kwa ajili ya hitimisho la hoja.

Kila nikiisoma nawaza Namugongo, walikouawa mashahidi wa Uganda. Karoli Lwanga alichomwa moto tarehe 3 Juni 1886, na Newman alikuwa hai bado, kardinali wa miaka 85 huko Birmingham.

Tunaisimulia habari ile mara nyingi kama habari ya ujasiri. Mimi sasa naiona pia kama habari ya akili. Mapadre wa kwanza walikuwa wameondoka Buganda mwishoni mwa mwaka 1882, wakaenda kukaa upande wa kusini wa Ziwa Victoria, Bukumbi, na hawakurudi mpaka 1885. Miaka hiyo yote wanafunzi wao wachache walifundishana wenyewe kwa wenyewe. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, alikuwa ameweka ukatekumeni, yaani maandalizi ya ubatizo, wa miaka minne, jambo la busara kabisa, lakini miaka minne haikupatikana. Kizito, kijana wa miaka kama 14, alibatizwa na Lwanga usiku wa kuamkia siku ya kuhukumiwa. Maji yalikuwa hayajakauka vizuri kichwani.

Huyo Kizito angemjibu nini Froude?

Machache. Newman anatofautisha kuridhia wazo na kuridhia kitu chenyewe. Naweza kukubali kwamba Mungu ni mwema jinsi ninavyokubali kwamba jua liko mbali sana: ni kweli, nimesikia, haya tuendelee. Au ukweli huohuo unaweza kunishika ukawa mbele yangu kama mtu aliyeingia chumbani. Maneno ni yaleyale, ila kinachotokea ndani ni kingine kabisa. Vijana wale, Wakatoliki na Waanglikana waliokufa katika moto mmoja, hawakuwa na maneno mengi. Najua mambo ya ikulu ya Mwanga, kabaka wa Buganda, yalikuwa na siasa nyingi ndani yake, na wanahistoria wana haki ya kuyachambua. Hayabadilishi hili: walipewa nafasi ya kukana, wakakataa.

## Kanungu

Hapa nikakwama, na nikakifunga kitabu kwa siku kadhaa.

Nchi ni hiyohiyo, Uganda. Tarehe 17 Machi 2000, Kanungu, mamia ya watu waliteketea ndani ya nyumba yao ya ibada. Wengi wao walikuwa wametoka katika Kanisa letu, na miongoni mwa viongozi wao alikuwamo aliyekuwa padre. Kisha mwaka 2023, msitu wa Shakahola huko Kilifi, Kenya, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, watu wazima na watoto, baada ya mahubiri ya kufunga hadi kufa ili kumwona Yesu.

Nao walikuwa na uhakika.

Kama uhakika wa mama ni halali kwa sababu nyuzi nyingi zimesokotana ndani ya nafsi yake, wale nao wananyimwa nini? Walikuwa na sala, na ndoto, na ushuhuda wa wenzao, na mchungaji waliyemwamini. Ndiyo hatari ambayo Froude aliiona tangu mwanzo: ukiruhusu akili ya mtu ifike kwenye uhakika kwa njia isiyoonekana, umeruhusu chochote. Sikutaka kuikwepa hoja hii kwa kusema "wale walipotoshwa". Bila shaka walipotoshwa. Mtu anayepotoshwa hujuaje?

Newman alikuwa ameliona swali hili. Mwaka 1839 alihubiri Oxford juu ya kinachoilinda imani isiangukie ushirikina. Ungetazamia aseme ni akili, maana ndivyo wasomi wa wakati wake walivyosema. Akakataa. Akasema mlinzi wa imani ni upendo, moyo uliokaa sawa mbele ya Mungu.

Niliposoma hivyo mara ya kwanza niliona jibu dhaifu. Waliokwenda Kanungu nao walimpenda Mungu. Lakini nilipoirudia hotuba ile taratibu niliona kwamba upendo anaousema si hisia za moto. Ni utii uliozoezwa, unyenyekevu, utakatifu wa kila siku, ambao humfanya mtu aitambue sauti ngeni hata kama haijui hoja ya kuipinga. Mahubiri yakimwambia mama mwache mtoto afe njaa apate kumwona Yesu, mama anatakiwa ashtuke kabla ya kufungua kitabu chochote. Namjua mama yangu. Angeshtuka. Angemchukua mtoto, angeondoka, na sababu angeitafuta njiani.

Hata hivyo sikuridhika. Watu wema pia huogopa. Hufuata ndugu zao. Huuza shamba, na baada ya kuuza shamba hakuna pa kurudi. Upendo wa mtu mmoja peke yake msituni unaweza kuzidiwa nguvu.

Jibu la pili Newman alilitoa akiwa mzee, mwaka 1877, katika dibaji ndefu ya toleo jipya la maandishi yake ya zamani. Anasema Kanisa lina kazi tatu: kufundisha ukweli, kuabudu na kutawala. Theolojia inatumia hoja, ibada inatumia mioyo yetu, utawala unatumia amri. Kila moja ikiachwa peke yake inaharibika kwa namna yake: hoja inakauka na kutaka kila kitu kipite kwenye mizani yake, ibada inageuka ushirikina, na mamlaka inageuka udhalimu. Zinahitajiana, na zinavutana, na mvutano huo hautaisha.

Hapo nikakumbuka jambo moja kuhusu Kanungu ambalo nilikuwa nimelisoma zamani nikalipita. Wafuasi wa kundi lile walizuiwa kuongea. Walitumia ishara za mikono.

Ibada ilikuwapo, tena nyingi. Mamlaka ilikuwapo. Aliyekosekana ni yule wa kuuliza.

## Anayeuliza

Tangu hapo namwona mpwa wangu kwa jicho jingine. Nilikuwa nimelichukua swali lake kama kitu kinachosimama mbele ya imani ya bibi yake, nami nikiwa wakili wa marehemu. Sasa naamini swali lile ni sehemu ya kinachoilinda imani hiyo. Mama alikuwa na sababu bila kuzitoa. Katika familia ya Mungu lazima awepo mwingine mwenye kazi ya kuziuliza, tena aziulize kwa sauti, watu wakiwepo, la sivyo siku moja atakuja mtu mwenye sauti nzuri na msitu wake.

Na hili linaniumiza, kwa sababu najua tunavyowajibu vijana wetu. Kijana wa kipaimara anauliza kuhusu mateso ya watoto wachanga, anaambiwa mambo ya Mungu hayahojiwi. Anauliza tena, anaambiwa ana roho ya ubishi. Mara ya tatu haulizi. Tunaona ametulia, tunamshukuru Mungu. Kumbe ameshaanza kuondoka, na atakuja Misa mpaka siku atakapohama nyumbani.

Newman aliandika mwaka 1864 kwamba magumu elfu kumi hayafanyi shaka moja. Mtu anaweza kushindwa kulipatanisha jambo na akili yake, akalia nalo, na bado akawa anaamini kabisa, sawasawa na mwanafunzi aliyeshindwa hesabu asivyotilia shaka kwamba ina jibu. Sisi tumekosa subira ya kuona tofauti hiyo. Kijana analeta gumu, tunampokea kama mwenye shaka, na tukimwita hivyo mara nyingi anaishia kuwa hivyo.

Katekista mmoja mzee wa parokiani kwetu ndiye pekee niliyemwona akifanya vingine. Kijana akiuliza swali lililomzidi, huyo mzee huliandika kwenye daftari mbele ya darasa zima na kusema, "Hili nakwenda nalo kwa padre, Jumamosi nakuletea." Na Jumamosi huleta, hata kama alichopata ni nusu ya jibu. Natamani parokia zote zingekuwa na daftari kama lile.

## Nisipokubaliana naye

Kuna mahali namwacha Newman aende peke yake. Anafundisha kwamba uhakika wa kweli, mtu akishaupata, kwa kawaida haupotei. Ukipotea, yaelekea haukuwa uhakika. Anaitetea kauli hiyo kwa kurasa nyingi na kwa uangalifu mkubwa. Mimi nimewajua watu walioamini kwa moyo wote, waliosali na kujitoa, kisha imani ikawatoka kama damu na wakaililia. Kuwaambia kwamba hawakuwahi kuwa nayo naona ni kuwanyang'anya hata kile walichokuwa nacho. Sioni ushahidi wa kutosha kwa kauli nzito kiasi hicho, na nadhani Froude angeniunga mkono.

Froude hakushawishika kamwe. Kitabu cha 1870 hakikumgeuza. Mwezi Aprili 1879 Newman alikuwa Roma kupokea ukardinali, na mojawapo ya mambo aliyoyafanya huko, mzee wa miaka 78 katikati ya sherehe zote zile, ni kumwandikia rafiki yake barua ndefu juu ya swali lilelile la uhakika na ushahidi. Froude alikuwa Simonstown, Afrika Kusini. Alifariki tarehe 4 Mei, na barua haikumfikia. Miaka mingi ya kubishana, na hakuna dalili kwamba mmoja alimdharau mwenzake hata siku moja. Nimesoma vitabu vingi vya kutetea imani ambavyo vinashinda kila hoja. Vichache sana vimeandikwa na mtu aliyempenda hivyo asiyekubaliana naye.

Anayetaka kumsoma asianze na kitabu cha 1870. Sura zake za mwanzo ni kavu na zinachosha. Aanze na hotuba za Oxford, ile ya 1839 juu ya upendo na ile ya 1840 juu ya sababu tulizo nazo bila kuweza kuzieleza, kisha aruke moja kwa moja kwenye sura ya dhamiri ndani ya kitabu kile. Na aliyewahi kuisoma sehemu ya uhakika usiopotea akaona nimemwelewa vibaya mzee, aniandikie. Hilo nataka tubishane.